Mgeni Hatozwi Mawe

Wiki jana lori lilileta mchanga nyumbani kwangu hapa Wote, mchanga wa mtoni uliokuwa bado unachuruzika maji. Nilitoka na kikombe changu cha chai kumwonyesha dereva pa kuumwaga, na badala ya kumwonyesha nikasimama pale nikinusa. Fundi akadhani nimeukataa. Akaanza kuniapia kwamba mchanga ni msafi, hauna udongo hata kidogo, mama nisiwe na wasiwasi. Nikamwambia sina neno na mchanga wake. Ningemwelezaje kwamba harufu ile, ya mchanga uliolowa unapopigwa na jua, ni harufu ya mwaka niliochukiwa na kila mtoto, na kwamba naipenda kuliko manukato yote niliyowahi kununua?

Sisi tulitoka Mombasa. Baba alikuwa fundi wa cherehani, na mtu alimwambia kwamba upande wa Mutomo kuna shule nyingi na washonaji wa sare ni wachache. Akabeba cherehani yake, akambeba mama na mimi, tukahamia kwenye soko dogo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Baba alipokuwa hai hatukuuhisi sana ugeni, maana kila mtu alihitaji suruali. Kisha akaugua kifua, akalazwa, akafa, akazikwa mjini penye makaburi machache ya Waislamu. Tukabaki wawili katika chumba cha kupanga, na cherehani ambayo mama hakujua hata kuitia uzi. Mvua nayo ikakataa mwaka huo.

Mama akaanza kupika mahamri na kuyauza sokoni. Mahamri yake yalikuwa mazuri, hilo hata maadui zangu hawakulikana. Walikuja kununua, wakatafuna mbele yangu, wakamaliza, wakafuta mafuta mdomoni, ndipo wakaanza kunisumbua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa Kiswahili. Pale kila mtu aliongea Kikamba nyumbani na Kiswahili alikitoa shuleni au sokoni, kikiwa kimechanganywa na Kikamba na Kiingereza, na wote wakaelewana. Mimi nikaja na "tafadhali" yangu na "naomba unipishe". Darasa zima lilicheka hadi mwalimu naye akajificha nyuma ya daftari.

"Hebu ongea tena tusikie taarifa ya habari," aliniambia Kalondu.

Kalondu ndiye aliyekuwa jemedari wao. Alikuwa na umri wangu, ila mrefu kunipita, na mdomo wake ulikuwa mkali kama wembe mpya. Ndiye aliyenipa jina la Kaswahili. Ndiye aliyegundua kwamba nikisema "shikamoo" kwa mtu mzima, wenzake wanaweza kupiga magoti kwa pamoja na kuniitikia "marahabaaa". Ushungi wangu uliwahi kupandishwa juu ya mti wa miiba, nikaenda nyumbani kichwa wazi, nikamwambia mama umechukuliwa na upepo. Siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti. Mama alinitazama tu, akanipa wa kwake.

Lakini shule ilikuwa na kengele, na kengele ikilia unaenda nyumbani. Palipokuwa pabaya zaidi ni kisimani.

Mto wetu ulikuwa mto wa mchanga. Ukipita wakati wa kiangazi unaona mchanga mtupu, mpana, mweupe, mbuzi wamelala juu yake, na mgeni anacheka akiambiwa huu ni mto. Maji yako chini. Unachimba kwa mikono na sufuria hadi kina cha mtu mzima, unangoja yachuruzike, unayachota kwa kibakuli. Watu hawakusimama kwenye foleni. Mitungi ndiyo iliyopanga foleni. Unaweka mtungi wako nyuma ya mwingine, unaenda zako kutafuta kuni, na mtungi unakushikia nafasi. Hakuna aliyethubutu kuusogeza mtungi wa mtu. Wa kwangu ulisogezwa kila siku. Nauacha wa kumi, nikirudi naukuta umelazwa pembeni kwenye mavi ya mbuzi, na Kalondu anatazama angani akihesabu mawingu ambayo hayakuwepo.

"Rudi kwenu Mombasa," alisema. "Si huko maji ni mingi? Enda ukunywe ile ya chumvi."

Basi tulichota wa mwisho, na wa mwisho hupata tope. Bila maji hakuna unga wa kukanda, na bila unga uliokandwa hakuna mahamri ya kuuza. Mama alijua hesabu hiyo na mimi nikaijua. Mombasa palikuwa na ami yangu mmoja, naye alikuwa na watoto saba ndani ya chumba kimoja. Alituma ujumbe kwamba anaweza kunichukua mimi, na mama atafutiwe nyumba ya kufanya kazi, alale hukohuko. Mama aliniambia hivyo huku akichambua mchele, bila kuniinulia uso. Tangu siku hiyo niliogopa kitu kimoja tu duniani: kulala nyumba asiyolala mama yangu.

Wenye haki ya kuchota mapema walikuwa watu wa mwethya. Mwethya ni kazi ya pamoja: nyumba zinaungana, leo tunalima kwako, kesho tunachimba kwangu. Mwaka ule mwethya wa wanawake wa pale ulikuwa unajenga ukuta wa mawe na simiti kuukata mto, ili mvua ikija mchanga ujae nyuma yake na maji yabaki ndani ya mchanga huo miezi mingi. Walikutana kila Jumamosi, wake kwa watoto, na mwenyekiti wao alikuwa Susu Kavutha. Susu ni nyanya kwa Kikamba. Huyu alikuwa nyanya wa mwili mkubwa na sauti ya kuchungia ng'ombe, na sijawahi kumwona ameketi.

Mama alienda kwake kuomba tujiunge. Nilikuwa nimeushika mkono wa mama, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Aa, wewe pumzika kwanza, mama," Susu Kavutha alisema kwa upole kabisa. "Wewe ni mgeni, na umefiwa. Mgeni habebi mawe."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Niliona tumependwa. Kila Jumamosi tulienda mtoni na sinia la mahamri, na kila Jumamosi tulitandikiwa gunia kivulini, tukapewa uji wa kwanza kabla ya wote, uji mzito wa wimbi uliochachuliwa kidogo. Mama alinyanyuka mara mbili au tatu kushika karai, na kila mara mtu alilitoa mikononi mwake akitabasamu. Jumamosi ya tano tulipokuwa tunarudi, mama alisema, "Kwetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe lao wamelificha wapi?" Sikumwelewa. Mimi nilikuwa nafikiria uji.

Tukiwa pale kivulini nilimhurumia mwanamke mmoja tu, Mama Kioko. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na hakuwahi kufika kwa wakati tangu aumbwe. Sheria ya mwethya ilikuwa moja: aliyechelewa au aliyeharibu anatozwa mawe. Anapanda kilimani peke yake, anashusha mawe ya ziada, na wakati anabeba, wengine wote wanamtungia wimbo wa kumsuta. Mama Kioko aliimbwa karibu kila Jumamosi. Waliimba kwamba amechelewa kwa sababu alikuwa anampaka mumewe mafuta, kwamba jogoo wake ni kiziwi, kwamba siku ya kufa malaika watamngoja mpaka wapate usingizi. Wanawake walicheka hadi wakajishika mbavu.

Mimi niliujua mchezo wa kuchekwa na watu wengi. Niliamini Mama Kioko anachukiwa kuliko mimi, na kwamba siku si nyingi atafukuzwa na mtungi wake utupwe kwenye mavi. Nilikuwa nikimwombea dua kabla ya kulala. Kisha mtoto wake akashikwa na homa, na kabla ya jua kuwaka sana niliona wanawake wale wale waimbaji wakiingia kwake, mmoja na kuni, mmoja na maziwa, mmoja amembeba mtoto mgongoni kumpeleka hospitali. Nikachanganyikiwa. Nikawaza labda wanamhurumia kwa sababu wamemtukana sana.

Aliyenifumbua macho ni Kalondu, na hakukusudia. Tulikuwa kisimani, mtungi wangu uko pembeni kama kawaida, na siku hiyo nilijikaza nikamjibu. Nikamwambia bora mimi, mama yangu haimbwi mtoni kama mama yake alivyoimbwa Jumamosi iliyopita.

Kalondu alinishangaa kweli, kama mtu aliyeona mbuzi akisoma gazeti. "Nani awaimbe?" akauliza. "Nyinyi si wa hapa. Wimbo ni ya wenyewe."

Nilikaa pale juu ya mtungi wangu mtupu, na kila kitu kikajipanga: gunia la kivulini, uji wa kwanza, karai linaloondolewa mikononi mwa mama kwa tabasamu. Nilijiona mjinga. Miezi yote hiyo nilikuwa nahesabu adabu kuwa ni mapenzi.

Mkiwa na miaka kumi, wenzangu, mnajua dawa ya kila jambo ni hila. Jumamosi iliyofuata nilichelewa makusudi. Nilijificha nyuma ya kichuguu hadi watu wote wakaanza kazi, nikajitokeza polepole, mikono nyuma, nikapita katikati yao nikingoja wimbo. Susu Kavutha akaniona.

"Pole, mtoto," akasema. "Jua ni kali. Enda ukae na mama, uji iko."

Nilikunywa uji ule na machozi. Mama akaniuliza nina nini, nikasema moshi.

Wiki mbili baadaye mama aliamka mapema siku ya Jumamosi, akavaa buibui lake la safari. Aliniambia anaenda mjini kutafuta gari la kutufikisha Mombasa, na mimi nipeleke mahamri mtoni, nikae kivulini, nisiwasumbue watu. Nilimtazama akiondoka na vumbi, nikajitwika sinia.

Siku hiyo ukuta ulikuwa umefika kiunoni na walikuwa wanamwaga simiti. Simiti hiyo ilinunuliwa kwa vyondo, vikapu vya mkonge. Wanawake walikuwa wamesuka tangu kiangazi kianze, wakienda sokoni wanasuka, wakirudi wanasuka, hata kanisani, mkonge ukizunguka vidoleni mwao. Simiti ikishakorogwa haingoji mtu. Walijipanga mstari kutoka penye koleo hadi ukutani, karai linapita kutoka mkono hadi mkono, na watoto wakubwa wakiwa katikati ya mama zao. Katikati ya mstari mwanamke mmoja mjamzito akahisi kizunguzungu, akatoka. Pakabaki pengo. Karai lilifika pale likakosa wa kulipokea.

Nikainuka kwenye gunia langu nikaingia. Hakuna aliyenituma. Kulia kwangu alikuwa Mama Kioko, kushoto kwangu, kwa bahati yangu, Kalondu. Susu Kavutha aliniona, akafungua mdomo, akaitazama simiti, akaufunga. Karai likaja. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, nikalipitisha. La pili, la tatu. Kwa muda wa labda robo saa nilikuwa mtu kati ya watu, na sikumbuki kama niliwahi kuchoka vizuri namna ile.

Kisha Kalondu akaniinamia.

"Si mama yako ameenda kutafuta gari?" akanong'ona. "Sasa baba yako mnamwachia nani? Ama hata huko kwa kaburi atakaa mgeni?"

Karai lilikuwa mikononi mwangu. Nikalipindua lote juu yake.

Simiti ilimshukia kifuani, ikateremka kwenye gauni, ikajaa kwenye viatu, na nyingine nyingi ikamezwa na mchanga. Mstari wote ukasimama. Kalondu alikuwa ameganda, mikono imetanuka, anachuruzika simiti kama ukuta uliopigwa lipu na fundi mlevi, na mimi nilikuwa nimeshika karai tupu. Hakuna aliyecheka. Nilitazama ule uji wa simiti mchangani, nikaviona vyondo vyote vimelala pale, na nikajua tumeshaondoka hata kabla gari halijapatikana.

Mama yake Kalondu alikuja mbio akaanza kumfuta mwanawe kwa leso. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wacheni tu," akawaambia wenzake. "Huyu ni mtoto wa mgeni, haijui sheria yetu. Mpelekeni akae, mama yake akirudi waende. Yaishe."

Susu Kavutha akaja akasimama mbele yangu.

"Nani alikuweka hapa kwa laini?"

"Hakuna, susu. Niliona nafasi."

"Na simiti ulimwaga kwa nini?"

"Amemsema baba yangu."

Akamgeukia Kalondu. "Ni kweli?"

Kalondu angeweza kukana, hakuna aliyesikia. Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Aliitikia kwa kichwa, na tone la simiti likadondoka kidevuni.

"Susu, mtoto wa mgeni haadhibiwi," akasema tena mama yake Kalondu.

"Mgeni mimi humpa uji," Susu Kavutha akasema. "Mgeni hukaa pale. Mgeni nilimwona wapi ameingia kwa laini yangu, ameshika karai yangu, amemwaga simiti yangu yenye nimesuka mpaka vidole ikatoka damu? Mwenye anaweza kuniharibia kazi hivyo ni mtoto wangu tu." Akaninyooshea kidole. "Mawe kumi. Na wewe Kalondu, kumi. Mdomo yako ndio ilimwaga kwanza."

Nilipanda kilima mbio. Jiwe la kwanza lilinichubua kidole nikalipenda. Kalondu alikuja nyuma yangu akinung'unika, akaniona ninalikumbatia jiwe kifuani, akaguna, akavua sweta yake iliyoharibika, akaizungusha ikawa kata, akaniwekea kichwani. "Ukibeba hivyo utavunjika," akasema. Hatukuwa marafiki siku ile. Alinichokoza mwaka mzima uliofuata, ila mtungi wangu haukuguswa tena, na nikisumbuliwa na mwingine, ole wake.

Tulipokuwa tunateremka, Mama Kioko akaanza. Alikuwa amengoja maisha yake yote kumwimba mtu mwingine, maskini, na aliinua sauti hiyo mpaka mbuzi wakasimama. Waliimba kwa Kikamba, nami nilikuwa nimejua cha kutosha. Rukia, Rukia, simiti si uji, ulitaka kumpikia nani? Wanawake wakaitikia. Walilitaja jina langu lote, si Kaswahili, si mtoto wa mgeni. Walisema mikono yangu ni laini kama mahamri, na kwamba atakayenioa ajenge nyumba ya nyasi. Nililia kwa sauti. Nililia njia yote hadi ukutani, nikarudi juu nikilia, nikashuka na jiwe la nne nikilia, na hawakuacha kuniimba.

Hivyo ndivyo mama alivyonikuta. Alitokea ukingoni na buibui lake limejaa vumbi, akaniona nina jiwe kichwani, kamasi puani, na kijiji kizima kinanisuta. Alikimbia mchangani viatu mkononi.

"Naombeni radhi," alisema, hata kabla hajajua nimefanya nini. "Jamani nisameheni, mtoto huyu hana baba. Hatutawasumbua tena, gari nimeshapata, Jumatatu tunaondoka."

Wimbo ukakatika. Susu Kavutha akajifuta mikono kwenye leso yake taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kumbe leo ulikuwa wapi?" akamwuliza.

"Mjini. Nilienda kutafuta hilo gari."

"Siku ya mwethya?"

Mama akamtazama asielewe. Nami nilikuwa nimeshusha jiwe langu.

"Gari ya kuenda wapi, na ukuta haijaisha?" Susu Kavutha akasema. "Kila mtu yuko hapa tangu asubuhi. Mtoto wako amekuja, wewe hukuja. Mawe kumi na tano. Na usituchagulie ndogo ndogo."

Mama akavua buibui lile la safari, akalikunja vizuri, akampa mama yake Kalondu amshikie, akaifunga leso kiunoni mafundo mawili. Alipofika nusu ya kilima Mama Kioko alikuwa ameshapata maneno. Mama Rukia ametafuta gari, Mama Rukia, gari gani hilo linalobeba mtu na deni la mawe? Mama akarudi na jiwe la kwanza, kubwa, akaliweka ukutani, akahesabu kwa sauti kwa Kikamba chake cha sokoni ili wote wasikie. Alipofika la saba akakosea hesabu. Wakamcheka, wakamwambia aanze tena kutoka moja, naye akaanza.